Ari ya kusoma ikikata katikati ya semista, mnaiwashaje tena?

#1 Kalamu Kavu

Wakuu habari. Naenda moja kwa moja.

Nipo mwaka wa pili, nasoma takwimu. Mwaka wa kwanza nilikuwa wa moto: kipindi cha saa mbili asubuhi mimi saa mbili kasorobo nimeshakaa, daftari limenyooka, maswali ya mwisho wa sura nafanya yote hata yale ambayo mwalimu hakuyagusa. Mwaka huu sijui nini kimekatika. Nakaa mezani, nafungua notisi, macho yanashuka mstari kwa mstari, nikifika chini ya ukurasa sikumbuki hata kichwa chake kilisema nini. Tangu semista ianze nimetengeneza ratiba nne. Ya kwanza niliichora kwa rula na kalamu za rangi tatu. Ya nne nimeiandika nyuma ya ile ya tatu.

Video za kutia moyo nimeziangalia hadi zimeanza kujirudia. Yule jamaa anayepiga kelele "amka saa kumi alfajiri" ananiwasha kwa saa moja hivi, halafu napoa kuliko nilivyokuwa. Mtihani uko wiki tano mbele, kwa hiyo sababu ya kusoma ninayo. Hamu ndiyo sina.

Swali: nyie mnaosoma, au mliokwisha kumaliza, ari ikikata mnafanyaje? Tafadhali msiniambie "jitume tu". Hilo nimeshajiambia mwenyewe mara nyingi.

#2 Kigoda

Nakaa hapa nisubiri nondo.

#3 Ngumi ya Jiwe

Jitume tu.

#4 Mzee wa Chaki

Mwanangu, nimefundisha hisabati miaka 31 na nimestaafu, kwa hiyo nitakuambia nilichokiona, si nilichokisoma. Wanafunzi waliofaulu kwangu hawakuwa na hamu kuliko wenzao. Nilikuwa naye mmoja aliyelichukia somo langu waziwazi, akaniambia usoni kwamba halipendi, na akapata alama ya juu darasani. Alichokuwa nacho ni saa. Saa moja jioni ikifika anakaa, apende asipende. Wewe unataka kwanza upende ndipo ukae. Nani anangoja hamu ya kupiga mswaki?

#5 Binti Machweo

Mzee wa Chaki shikamoo. Lakini mswaki ni dakika mbili na hauna mtihani wa marudio. Takwimu ni saa tatu na unaweza kumaliza hizo tatu hujaambulia kitu. Huwezi kuvilinganisha.

Halafu huyo mwanafunzi wako aliyelichukia somo akapata alama ya juu, mimi nadhani alikuwa analielewa. Mtu akielewa anaweza hata kulichukia kwa raha zake.

#6 Nondo Tupu

Ngoja nimwage kidogo. Mleta uzi amesema jambo ambalo hakuna aliyelishika: mwaka wa kwanza alikuwa anafanya hata maswali ambayo hayakutakiwa. Hiyo ilikuwa hamu ya ndani. Swali ni nani aliyeiua.

Mwaka 1971 Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo fumbo la vipande wapange maumbo. Kundi moja lilikuja kulipwa kwa kila umbo, jingine halikulipwa. Malipo yalipoondolewa, wale waliowahi kulipwa wakaligusa fumbo kidogo kuliko mwanzo pale walipoachwa peke yao. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake wakaja na watoto wa shule ya awali waliokuwa wanapenda kuchora. Waliochora kwa kuahidiwa cheti, wiki moja au mbili baadaye muda wao wa kuchora kwa hiari ulikuwa karibu nusu ya wale ambao hawakuahidiwa kitu.

Mkuu Kalamu Kavu, mimi nahisi mwaka wa kwanza ulisoma kwa kupenda, ukapata alama nzuri, ukasifiwa, na sasa unasoma ili uzipate tena zile sifa. Kazi imegeuka mshahara.

#7 Tabasamu la Mtihani

Nondo Tupu kwa hiyo zawadi ni mbaya? Mimi najilipa kila siku na nimefika mwaka wa tatu. Sura moja, kipande kimoja cha tamthilia. Sijamaliza sura, siangalii. Kuna usiku nimesoma kwa kasi ya ajabu kwa sababu bibi harusi alikuwa ameachwa mlangoni na sikujua kama bwana harusi atarudi.

#8 Nondo Tupu

Hapana, sijasema hivyo. Wale watoto walikuwa wanapenda kuchora tangu mwanzo, ndiyo maana cheti kikawaharibia. Kazi ambayo huipendi hata kidogo, zawadi haina cha kuharibu. Kwa hiyo yote yanarudi kwa mleta uzi: takwimu unaipenda au uliwahi kuipenda?

Na bwana harusi alirudi?

#9 Tabasamu la Mtihani

Alirudi na mtoto.

#10 Fundi Saa

Mnamzungusha kijana bure. Wanasayansi wameshagundua kwamba ubongo unachoka kila baada ya dakika 25. Weka saa, soma 25, pumzika 5, ukifikisha raundi nne pumzika kirefu. Inaitwa pomodoro. Mimi imenitoa kwenye sapu mbili, yaani mitihani ya marudio.

#11 Binti Machweo

Fundi Saa hongera kwa sapu, lakini hizo 25 hazikutoka maabara. Francesco Cirillo alikuwa mwanafunzi wa chuo Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, hasomi vizuri kama mleta uzi wetu, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya ajipime nayo. Pomodoro ni nyanya kwa Kiitaliano. Ni mbinu ya mwanafunzi aliyekuwa amekwama, mimi hilo ndilo linanifanya niiamini zaidi. Ila hakuna mahali ubongo unapolia kengele dakika ya 25. Mimi dakika ya 25 ndiyo kwanza napata moto, saa ikilia naitukana.

#12 Fundi Saa

Sawa dada, nimesahihishwa. Lakini inafanya kazi.

#13 Pacha wa Pili

Naomba nieleze yangu maana nasoma huu uzi naona kama najisoma mimi.

Mwaka wa pili kama wewe. Nilikuwa nikisoma dakika kumi kichwa kinaanza kuuma nyuma ya macho, mistari inapandana, nasinzia. Nikajiita mvivu. Nyumbani wakaniita mvivu. Rafiki yangu akanipa kitabu cha nidhamu, nacho nikasinzia nacho. Nilifanya ratiba, nilifunga simu, nilijaribu kusoma nimesimama. Nikafeli masomo mawili.

Siku moja nikiwa nimekaa nyuma darasani nikamwomba mwenzangu miwani yake kwa utani. Niliona ubao. Nilikuwa nimeshasahau kwamba ubao unasomeka kutoka nyuma. Nikaenda kupimwa, nikapewa miwani, na "uvivu" ukaisha ndani ya wiki mbili. Pacha wangu yeye macho yake yako sawa, ndiyo maana nyumbani hawakuwaza, walikuwa wanatulinganisha tu.

Kalamu Kavu, umesema macho yanashuka lakini kichwani hakiingii kitu. Umepima macho? Damu? Usingizi wako vipi? Kabla ya kujipa mihadhara, mwili kwanza.

#14 Msomi wa Usiku

Naunga mkono. Na niongeze hili bila kuzunguka: kama hamu haijakatika kwenye kusoma peke yake, bali hata vitu ulivyokuwa unavipenda havikusisimui, hulali vizuri au unalala kupita kiasi, na hali hiyo ina zaidi ya wiki mbili, nenda ukaongee na daktari au mshauri wa chuo. Mimi nilichelewa mwaka mzima nikidhani natafuta mbinu ya kusoma.

#15 Kalamu Kavu

Asanteni sana. Majibu kwa ufupi:

Macho nilipima mwaka jana, mazima. Usingizi upo, labda upo kupita ratiba. Mambo mengine bado nayapenda, mpira nacheza, nyumbani nacheka nao vizuri. Ni mezani tu ndipo nakufa.

Nondo Tupu, takwimu nilikuwa naipenda kweli. Nilichagua mwenyewe, sikuchaguliwa.

#16 Jiwe la Pembeni

Bahati yako ulichagua mwenyewe. Mimi nilichaguliwa na baba. Miaka mitatu nilikuwa naulizwa "mbona huna motisha" na kila mtu ana dawa. Nilipiga msuli kwa dawa zote hizo, nikafaulu kwa kuburuza, nikamaliza, cheti nikakikabidhi kwa baba kama risiti. Halafu nikaenda kusoma nilichokitaka. Huko sikuwahi kuulizwa habari za motisha. Nilikuwa nafukuzwa maktaba wakitaka kufunga.

Kwa hiyo mtu akiniambia "nidhamu tu", namwangalia. Nidhamu nilikuwa nayo. Ilinifikisha mahali ambapo sikutaka kwenda.

#17 Mzee wa Chaki

Jiwe la Pembeni, pole. Lakini huoni kwamba nidhamu ile ya miaka mitatu ndiyo uliyoingia nayo kwenye kozi ya pili?

#18 Jiwe la Pembeni

Mzee kwa heshima zote, hapana. Kozi ya pili niliingia nimechoka.

#19 Mshika Kamusi

Naomba niingilie kidogo, maana kuna maneno matatu yanagongana humu. Kazini motisha ni kile unachoongezewa juu ya mshahara: kinatoka nje, anakupa mtu. Hamasa ni ule moto wa mkutano wa hadhara, unawashwa na mwenye kipaza sauti na unazima watu wakitawanyika. Ari ni ya mtu mwenyewe. Mleta uzi ameandika "ari" kwenye kichwa cha uzi, kisha akaenda kuitafuta kwenye video za hamasa, na Tabasamu la Mtihani anampa motisha ya tamthilia. Ni vitu vitatu tofauti.

#20 Ngumi ya Jiwe

Na mimi nimempa "jitume". Tuko wanne.

#21 Fundi Saa

Kamusi umetisha. Lakini mpe basi hiyo ari.

#22 Mama Wawili

Nasoma nikiwa na miaka 41, kazi ya kutwa na watoto wawili. Sina anasa ya kuuliza hamu iko wapi. Nina dakika arobaini kati ya mtoto wa mwisho kulala na mimi mwenyewe kuanguka.

Mwanzoni dakika 15 kati ya hizo zilikuwa zinaishia kutafuta nilikoishia. Sasa nina ujanja mmoja na nimeshikamana nao: sifungi daftari swali likiwa limekwisha. Naliacha katikati, tena mahali ambapo najua hatua inayofuata. Naandika nusu ya mstari, naweka kalamu juu yake, naenda kulala. Kesho yake nikikaa sianzi, namalizia. Na mara nyingi nimeshalimalizia kichwani nikiwa naosha vyombo.

Sijui kama ni sayansi. Kwangu inafanya kazi kuliko ratiba.

#23 Nondo Tupu

Mama Wawili shikamoo. Kuna kitu karibu na hicho. Bluma Zeigarnik mwaka 1927 aliandika kwamba kazi zilizokatizwa watu walizikumbuka kuliko walizomaliza. Waliorudia majaribio yake baadaye hawakupata jibu moja, kwa hiyo usiape kwa jina lake. Lakini wewe umejipima mwenyewe, basi.

#24 Chini ya Taa

Jamani mnazunguka. Ni mazoea. Siku 21 mfululizo mahali pamoja saa ile ile, baada ya hapo mwili unakaa wenyewe. Hii imethibitishwa.

#25 Binti Machweo

Haijathibitishwa. Hizo 21 wengi wanazifikisha kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, mwaka 1960. Alikuwa anazungumzia wagonjwa kuzoea sura mpya, na alisema angalau siku 21. "Angalau" ikadondoka njiani.

Waliopima kweli ni Phillippa Lally na wenzake London, matokeo yakatoka mtandaoni 2009. Watu 96 walichagua kila mmoja tabia ndogo ya kurudia kila siku. Wastani wa kufikia kuifanya bila kujisukuma ulikuwa siku 66, lakini kutoka 18 hadi 254. Mleta uzi ana wiki tano, yaani siku 35.

#26 Chini ya Taa

Sawa, kwa hiyo huenda yeye ni wa siku 18.

#27 Binti Machweo

Tabia zenyewe zilikuwa kama kunywa maji na kufanya mazoezi kidogo. Hakuna aliyekaa kufanya takwimu.

Ila kuna kipande kizuri mle: aliyekosa siku moja hakuharibikiwa. Anaendelea tu. Hicho ndicho ningemwambia mtu mwenye ratiba nne. Nahisi kila ratiba ilikufa siku ya kwanza iliyokosewa, ukaona heri uchore nyingine safi.

#28 Kalamu Kavu

Binti Machweo umenipata. Ya kwanza ilikufa Jumatano. Nilikosa kipindi kimoja cha jioni nikaona imechafuka.

#29 Msomi wa Usiku

Hapo niongezee. Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett, Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, 2010: waliwafuata wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokuwa na mitihani miwili. Walioahirisha kusomea mtihani wa kwanza kisha wakajisamehe, kwa mtihani wa pili waliahirisha kidogo kuliko wasiojisamehe. Mimi nilidhani ni kinyume, kwamba ukijichapa viboko ndipo utanyooka. Ukijichapa sana meza yenyewe inakuwa mahali pa kuchapiwa, nani atakwenda?

#30 Ngumi ya Jiwe

Kwa hiyo nikijisamehe kila siku nitafaulu kila siku?

#31 Msomi wa Usiku

Utafeli ukiwa na amani.

#32 Kidole Juu

Mbona hakuna aliyetaja simu? Simu ndiyo mchawi. Wala siyo lazima uishike. Adrian Ward na wenzake mwaka 2017 waliwapa watu majaribio ya kufikiri, simu za wengine zikiwa juu ya meza, za wengine kwenye mkoba, za wengine chumba kingine. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao simu zao zilikuwa chumba kingine, na zote zilikuwa zimezimwa sauti.

#33 Nondo Tupu

Ni kweli walipata hivyo, ila waliorudia baadaye hawajakubaliana wote. Mimi bado simu naiweka mbali, kwa sababu ya kawaida tu: ikiwa mbali siishiki.

#34 Kidole Juu

Ndiyo hivyo hivyo. Mimi nampa dada yangu. Nikiitaka mapema ananiuliza "sura ya ngapi?" mbele ya watu. Aibu ile ni bora kuliko programu yoyote ya kufunga simu.

#35 Mguu Sawa

Mimi bila presha sisomi. Nasubiri siku tatu za mwisho, moyo unadunda, nakesha, napita. Wiki tano ni mbali mno, mleta uzi, ndiyo maana hujasikia kitu. Kuna sheria kabisa ya Yerkes na Dodson, presha ya wastani ndiyo inaleta ufanisi.

#36 Binti Machweo

Yerkes na Dodson, 1908, walikuwa na panya na shoti za umeme. Panya wadogo wanaojifunza kuchagua mlango. Na walipopewa kazi ngumu, shoti kali iliwachelewesha kujifunza. Takwimu kwa mtu ambaye haielewi ni kazi ngumu, kwa hiyo kwa sheria yako mwenyewe presha ya siku tatu itammaliza.

#37 Mguu Sawa

Mbona mimi napita?

#38 Mzee wa Chaki

Unapita, halafu wiki mbili baada ya mtihani nikikuuliza unakumbuka nini? Nimeona wengi. Wanafunzi wangu wa kukesha walikuwa wanakuja semista inayofuata wakiwa weupe kabisa, na somo langu linapandana kama ngazi. Ukikosa ngazi ya tatu, ya nne unairuka vipi?

#39 Baraza la Nyuma

Mzee hapo kwenye ngazi ndipo mimi nilipokuwa nangoja mtu afike.

Watu wote humu wanashughulikia hamu kama betri: imeisha chaji, tuichaji kwa nini, video, nyanya, bibi harusi. Hata hii habari kwamba nguvu ya kujizuia inaisha kama mafuta, aliyoieneza Roy Baumeister na wenzake 1998, maabara 23 zilipoirudia 2016 kwa watu zaidi ya 2,000, hazikuona kitu cha maana. Labda hakuna betri.

Mimi nasaidia wanafunzi wa madarasa ya chini kazi za jioni. Akija mtoto anasema "sina mudi", huwa namuuliza ilikata ukurasa wa ngapi. Na karibu kila mara kuna ukurasa. Kabla ya ukurasa huo alikuwa sawa. Baada ya hapo kila kitu ni kelele, na hakuna mtu anayeweza kusikiliza kelele saa tatu akabaki na hamu. Kichwa kinajilinda.

Kalamu Kavu, nakuuliza na wewe. Ilikata sura ya ngapi?

#40 Kalamu Kavu

Duh. Nimekwenda kuangalia daftari kabla ya kujibu.

Maswali yamejaa hadi uwezekano wa kawaida. Sura ya uwezekano wenye sharti, yaani uwezekano wa jambo ukishaambiwa jambo jingine, nimefanya swali la 1 hadi la 3, la 4 nimechora mstari nikaandika "nitarudi". Sikurudi. Baada ya hapo ni notisi tupu, hakuna swali hata moja nililofanya. Wiki hiyo nilikuwa naumwa, nilikosa vipindi viwili. Nilikopi madesa ya rafiki yangu na mwandiko wake ni mzuri sana, nadhani ndiyo maana nikajiona ninayo.

#41 Baraza la Nyuma

Basi.

#42 Mzee wa Chaki

Basi kabisa. Na hapo nakubali nilikuwa nakuambia ukae tu, wakati ungekaa mbele ya ukurasa ambao hauna mlango.

#43 Jiwe la Pembeni

Msifunge kesi haraka. Mimi nilikuwa naelewa kila sura na hamu sikuwa nayo. Kutokuelewa kunaua hamu, sawa, lakini hamu nayo ikifa mtu anaacha kufanya maswali, na asipofanya haelewi. Nani alianza?

#44 Pacha wa Pili

Kwangu yalianza macho.

#45 Nondo Tupu

Kuhusu madesa ya mwandiko mzuri. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, 2006. Wanafunzi walisoma habari fupi, kundi moja likairudia kusoma, jingine likafunga likajaribu kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja ikageuka: 42 kwa 56. Kusoma tena kunateleza vizuri, kwa hiyo unajiona umeshika. Kalamu Kavu umekaa semista nzima unateleza juu ya mwandiko wa mtu, na hakuna kinachochosha kama kuteleza bila kufika.

Sijui kama hiyo ndiyo imeua hamu. Lakini ningeanza na swali la 4, siyo na notisi.

#46 Tabasamu la Mtihani

Na akimaliza la 4 aangalie kipande kimoja.

#47 Mama Wawili

Akifika katikati ya la 5 aache akalale.

#48 Ngumi ya Jiwe

Mimi nina swali la kizalendo. Uzi huu una saa nne tangu ufunguliwe. Mleta uzi kwa hizo saa nne umesoma kurasa ngapi?

#49 Kalamu Kavu

Za hapa au za daftari?

#50 Ngumi ya Jiwe

Usinijibu kwa swali.

#51 Kalamu Kavu

Sifuri. Lakini daftari liko wazi, tangu nilipokwenda kuangalia sijalifunga. Hili hapa swali la 4 lenyewe, mtaona kwa nini nilikimbia:

"Sarafu 3 zinarushwa. Unaambiwa angalau moja imeangukia upande wa picha. Kuna uwezekano gani kwamba zote 3 zimeangukia picha?"

Mimi nilijibu 1/4. Majibu nyuma ya kitabu yanasema siyo. Nikarudia mara mbili nikapata 1/4 tena.

#52 Mguu Sawa

Lakini ni 1/4. Moja unaijua tayari, zimebaki mbili, nusu mara nusu. Kitabu kimekosea.

#53 Fundi Saa

1/8. Sarafu hazijui kwamba umeambiwa.

#54 Chini ya Taa

Fundi Saa ungekuwa sawa kama hujaambiwa kitu. Umeambiwa. Mguu Sawa, hiyo moja "unayoijua" ni ipi? Ya kwanza? Ya pili? Ya tatu?

#55 Mguu Sawa

Yoyote.

#56 Chini ya Taa

"Yoyote" hiyo hiyo ndiyo inakuponza. Ingekuwa swali limesema ya kwanza ni picha, ningekupa 1/4 yako.

#57 Mzee wa Chaki

Nyamazeni nyote, tafadhali. Asimtajie mtu jibu. Kalamu Kavu, acha fomula. Chukua karatasi uandike namna zote sarafu tatu zinavyoweza kuanguka, moja moja, kwa mkono. Ziko 8. Kisha soma tena kile ulichoambiwa.

#58 Kigoda

Ni 1/7.

#59 Mzee wa Chaki

Kigoda! Umekaa uzi mzima kimya, ukaja kufungua mdomo hapa?

#60 Kigoda

Samahani mwalimu. Ilinitoka.

#61 Kalamu Kavu

Sijaisoma hiyo komenti, nimeiruka, nimeona jina tu. Niko kwenye ya sita. Msiandike kitu.

#62 Mguu Sawa

Mimi nimechora zote 8 hapa na bado naona 1/4. Mtu anieleze hiyo 7 inatoka wapi.

#63 Binti Machweo

Mguu Sawa, ile ambayo zote tatu zimeangukia upande wa namba umeifuta?

#64 Kalamu Kavu

Nimesema msiandike!